Safari ya Broken Hill ya Kusema Asante

Siku ile akina mama wa kanisa la Naqaraivi walikuwa wamekusanyika ukumbini na mchungaji mgeni kutoka mjini Suva. Walitaka kumwonyesha jinsi ushirika wao unavyouza yaqona, mizizi ya kinywaji chao cha heshima, hadi Sydney na Auckland kwa kubonyeza tu. Wakaifungua tovuti ya ushirika na kuimulika ukutani, kila mtu aone. Badala ya mizizi iliyokaushwa ikakauka, likatokea jimama lisilo na hata leso ya kujistiri, linacheka na kuwaita watu wote wakacheze kamari. Mchungaji akainamisha kichwa kama anayeomba. Mama mmoja akalirushia mkeka, mkeka ukaanguka chini, na jimama likaendelea kucheka.

Torika, ambaye tovuti hiyo ilikuwa kazi ya mikono yake, alikuwa ameketi nyuma kabisa, na alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya kisiwa cha Kadavu haina huruma hiyo. Jioni mwenyekiti wa kijiji alimwita, akamwambia bila kupandisha sauti kwamba aibu ya kwanza imesameheka, lakini ikija ya pili tovuti itafungwa na watu warudi kuwauzia wachuuzi wa Suva kama zamani. Naqaraivi yote inawajua wachuuzi wa Suva. Hao hukubandikia bei wakiwa hawajashuka hata kwenye boti.

Chanzo hakikuwa kigumu kukiona. Torika alikuwa ameweka sanduku la maoni ili wateja waache salamu, na mwizi mmoja, badala ya salamu, akaacha maagizo yaliyofichwa ndani ya maneno. Kila aliyefungua ukurasa aliyatekeleza bila kujua. Torika alilisafisha sanduku siku hiyo hiyo, lakini alijua kwamba kufagia si kufunga mlango. Alihitaji mlinzi wa kukaa kati ya anayebisha hodi na nyumba yenyewe, amkague kila aingiaye na kila kitokacho.

Watu wa kazi ya Torika hawajengi kila kitu kwa mikono yao, na wakikuambia wanajenga, usiwaamini. Kuna ghala kubwa mtandaoni ambamo watu wa dunia nzima huweka kazi zao zikiwa zimefungwa vifurushi. Ukihitaji kimoja unaandika mstari mmoja wa amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta, na jasho la mtu usiyemjua linakufuata hadi ulipo, bure. Torika alipanda na kompyuta yake hadi kwenye banda la kukaushia yaqona, maana ndipo mtandao unaposhika vizuri. Baba yake, mzee Waisale, alikuwa humo akichambua mizizi. Torika akaandika jina la kifurushi cha ulinzi, akabonyeza, na maandishi yakaanza kumiminika kwenye dirisha jeusi.

Kilipomaliza kusakinishwa kilisema kimemaliza salama. Katikati ya maandishi hayo ulipita mstari mmoja wa rangi ya njano, na Torika hakuusoma. Hakuna mwandishi wa programu anayesoma mistari ya njano. Hawa ni watu wanaojisifu kwamba mkate wao unatokana na kusoma na kuandika, lakini wape tangazo la mstari mmoja uone wanavyolipita kama hawalioni. Torika aliandika maagizo ya kumpa mlinzi kazi, akayaweka mwishoni kabisa mwa programu yake, palipokuwa na nafasi, akafunga kompyuta na kwenda kula mihogo.

Jumamosi iliyofuata aliamua kujaribu. Alijifanya mwizi, akaandika hila ndogo isiyo na madhara kwenye sanduku la maoni, akafungua ukurasa kama mteja. Hila ikapita. Akasoma programu yake juu hadi chini, akafuta na kusakinisha upya, na hila ikapita tena. Na kesho yake akina mama wangekuwa na mkutano mwingine.

Kuuliza si ujinga. Torika alifungua ukurasa wa wenye kifurushi, mahali ambapo watumiaji huandika shida zao, akaeleza yake na kubandika programu yake hapo. Jibu lilikuja hata chai yake haijapoa. Aliyejibu aliitwa Neville Strahan, na alijibu kama mtu mwenye siku nzima ya kukusikiliza. Alimwambia kwamba hajakosea jambo lolote isipokuwa mpangilio. Maombi ya wageni hupita kwenye programu mstari baada ya mstari, kuanzia juu, na yeye mlinzi wake kamweka chini, baada ya kila mtu kuwa ameshaingia na kuhudumiwa. Amweke juu, wa kwanza kabisa, na kila kitu kitakaa sawa. Kisha akaongeza kwamba amefurahi kusaidia, na kwamba huenda Torika ni miongoni mwa watu wa mwisho atakaowajibu, kwa sababu mwisho wa mwezi anakiacha kifurushi na kuna mtu ameomba kukichukua.

Torika alimsomea baba yake sehemu ya mpangilio, na mzee akacheka mpaka akaiacha mizizi yake. Waisale ni msemaji wa mkuu wa kijiji, kazi aliyoirithi kwa baba na babu, na maisha yake yote ameyatumia kujua nani anapewa kifuu cha yaqona kwanza, nani wa pili, na nani anyamaze mpaka aambiwe.

"Binti yangu mimi," alisema. "Unamkaribisha mlinzi wakati wezi wameshakula na kunawa mikono. Hiyo heshima umefundishwa na nani?"

"Baba, nimekosea mstari tu."

"Mstari ndio heshima yenyewe. Mpandishe juu huyo."

Torika akampandisha. Akaandika tena hila yake, akafungua ukurasa, na safari hii hila iligonga mwamba. Mlinzi aliikataa. Torika alifurahi hadi machozi yakamlenga, akakaa pale kwenye magunia akisema asante, asante, akiielekezea kompyuta, wala hakujua anamwambia nani hasa.

Hapo ndipo alipourudia ule mstari wa njano na kuusoma. Ulisema maneno yale yale: mwenye kifurushi anakiacha mwisho wa mwezi. Akarudi kwenye ukurasa wa Strahan na kuanza kusoma yaliyopita, na kadiri alivyosoma ndivyo furaha ilivyomwisha. Miaka na miaka ya watu waliokuja kulalamika. Mmoja aliandika kwamba kifurushi kimemharibia Jumatatu yake na akataka kirekebishwe leo, tafadhali hakusema. Mwingine alimwita mvivu. Mwingine, ambaye kampuni yake ilikuwa ikitumia kifurushi hicho bure tangu zamani, alimtishia kwamba atahamia kwingine, utadhani kuna mtu alimshika shati. Strahan aliwajibu wote kwa upole, mmoja mmoja. Shukrani ya punda ni mateke, na huyu bwana alikuwa na zizi zima.

Na yule aliyeomba kukichukua? Jina lisilo na sura. Hakuwa na kazi nyingine yoyote ghalani, wala mtu wa kumdhamini, na alikuwa amefika juzijuzi tu. Alikuwa na maneno mengi matamu kuhusu kumpunguzia Strahan mzigo.  Aliyeshika kifurushi kile angeshika malango ya maelfu ya nyumba, na siku akitaka kumbadilisha mlinzi awe mwizi, nyumba zote zingempokea kwa mstari mmoja wa amri, kama alivyompokea yeye. Angeweza kubaki na mlinzi wa zamani, ndiyo, lakini mlinzi asiyepata habari za wezi wapya ni sanamu tu. Aibu ya pili ingekuja, na tovuti ingefungwa.

Alimweleza baba yake kila kitu, kisha akamwambia kwamba ataandika barua ya kumsihi bwana yule asikitoe kwa mtu asiyejulikana.

"Ameshashukuriwa?" Waisale aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mwenye mlinzi. Tumekula kwake. Kijiji kizima kimefichiwa aibu. Nani ameenda kumshukuru?"

Torika alisema kwamba kwa watu wa kazi hiyo hakuna anayekwenda kwa mtu. Vitu vimewekwa pale ili vichukuliwe. Mzee alimtazama kama aliyesikia tusi.

"Basi hatujafika kwenye kuomba. Kwanza shukrani, kwa mkeka na yaqona, mbele ya uso wake. Na ombi lako usilitie humo. Shukrani yenye ombi mfukoni ni ombi lililovaa nguo za kanisani."

"Baba, mwezi unaisha. Tusipomwomba atampa yule."

"Akimpa, kampa. Kitu ni chake."

Walibishana hadi mizizi ikaisha kuchambuliwa. Torika alisema heshima isiyookoa kitu ina faida gani, na mzee akamjibu kwamba hiyo ndiyo sauti ya wale wa Jumatatu. Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Angekwenda kwa Strahan na haja yake kama wengine wote, tofauti yake ikiwa salamu ndefu tu. Alikubali, lakini hakulala kwa amani.

Ukurasa wa Strahan ulisema anaishi Broken Hill, huko bara Australia. Hakuna kijiji cha Kadavu kisicho na vijana Australia wanaochuma matunda, na Naqaraivi ilikuwa na watano kwenye mashamba ya zabibu ya Mildura, wakiongozwa na Isikeli, mtoto wa shangazi yake Torika. Huyu kwa desturi ni mtani wake, na katika utani wao hakuna linalokatazwa. Torika alimpigia.

"Broken Hill?" alisema Isikeli. "Mwanamke wewe, unaijua hiyo njia? Ni mchanga na kangaruu waliokufa. Hata mizimu ya huko inabeba maji."

"Umeanza kuzeeka. Nimtafute mwanaume mwingine?"

"Mtafute. Nilisikia uliwaonyesha wachungaji picha nzuri, huenda mmoja wao akajitolea."

"Isikeli, nisikilize. Baba ndiye anayetuma."

Utani ukakoma hapo hapo, naye Torika akamweleza kazi yenyewe. Isikeli akauliza ni Jumamosi ipi, na mkeka upi, akasema mama yake alimpa mmoja mpya ambao hajaulalia, kwa vile alikuwa akingoja jambo la maana. Yaqona walikuwa nayo. Gari wangeliazima kwa mwenye shamba.

Torika alimwandikia Strahan kwamba watu wa kijijini kwake wangependa kupita kumsalimu. Alijibiwa kwa kifupi: kama ni kuhusu hitilafu, aandike pale pale ukurasani. Akaandika tena kwamba si hitilafu. Safari hii ikaja anwani ya nyumba, na chini yake maneno kwamba hatakuwa na muda mrefu.

Jumamosi hiyo banda la yaqona lilijaa. Mwenyekiti alikuja, akina mama walikuja na yule aliyerusha mkeka akiwa mbele, na Waisale akaketi katikati, miguu ameikunja, shati jeupe limepigwa pasi, mbele yake bakuli la yaqona. Maneno ya kijiji husemwa na msemaji wa kijiji. Isikeli angeweza kubeba mkeka hadi mwisho wa dunia, lakini hana ruhusa ya kufungua kinywa, kwa hiyo msemaji angesema kwa simu. Torika alikaa ubavuni kwa baba yake akiishika simu ili mzee aonekane vizuri, na akitafsiri.

Kwenye simu walionekana vijana watano wameketi juu ya mkeka kwenye kibaraza cha nyumba ya mabati, wamejifunga kiunoni sulu safi, zile nguo zao za heshima, kimya kama walioko kanisani. Vumbi jekundu lilikuwa limewapaka hadi nyusi. Mlango ulifunguliwa, akatoka mzee mwembamba mwenye kaptula na ndala, akasimama akiwatazama majitu yale matano yaliyoketi miguuni pake. Isikeli akamwomba kwa Kiingereza aketi nao. Akaketi, magoti yakilia. Torika alimsalimu, akamwambia kwamba yeye ndiye yule wa mpangilio.

Strahan hakusubiri zaidi. Alitoa kijitabu mfukoni na kalamu sikioni.

"Sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka bila hasira. "Nini kimeharibika?"

Torika alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa amesikia, Kiingereza anakijua vizuri, ila maneno ya shughuli kama hii hayasemwi kwa Kiingereza. Alijibu kwa lugha ya kwao, polepole, na Torika akatafsiri neno kwa neno.

"Hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana tumekuja."

Strahan alibaki na kalamu hewani. Waisale akaendelea. Alisema sisi watu wa Naqaraivi, wadogo, tulio mbali, tulivamiwa nyumbani kwetu na kuaibishwa mbele ya mgeni. Alisema kuna mtu hakutuona, hakutujua, hakutuuliza tuna nini, na alikuwa ameshatutengenezea mlinzi kabla hatujamhitaji. Na mlinzi yule kasimama langoni tangu siku ile, na watoto wetu wanafungua ukurasa bila hofu, na mizizi yetu inafika Auckland. Alisema tumechelewa kuja, atusamehe. Mkeka huu umesukwa na mwanamke wa kwetu kwa ajili ya kitu kikubwa, nacho kimepatikana. Ni mdogo kuliko deni, lakini ndio tulio nao.

Ukaingia wakati wa Torika kulitia ombi lake. Nafasi ilikuwa hapo, mbele yake, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa akitafsiri, na ni nani angejua kama neno moja limezidi? Alimtazama Strahan kwenye kioo kile kidogo. Bwana yule alikuwa ameweka kiganja juu ya mkeka, anaupapasa taratibu, na midomo inamcheza. Torika akalimeza neno. Alitafsiri alichosema baba yake, akaishia pale baba yake alipoishia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ukumbini moyo wake ulitulia. Alimshukuru yule mtu kwa kweli, bila kudai chochote.

Isikeli alimpa kifuu. Strahan alikishika kwa mikono miwili kama alivyoona wenzake wakishika, akakinywa chote, akakunja uso, na vijana wote wakapiga makofi kwa furaha. Kisha akavua miwani na kuifuta, akaifuta tena.

Alipoanza kusema alisema kwa shida. Alisema alikuwa fundi wa pampu mgodini, na alianza kuandika kifurushi hicho baada ya kustaafu, kwa sababu mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Anaambiwa kinatumika kila mahali, lakini hajawahi kumwona mtu hata mmoja aliye upande wa pili. Aliomba simu izungushwe awaone. Torika akaizungusha bandani, na akina mama wakapunga mikono, na mtoto mmoja akasogeza pua yake mpaka ikajaza kioo. Strahan alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujificha.

 Bandani wote walimngoja, maana zawadi ikishapokelewa, neno ni la mwenye kupokea.

"Torika," alisema hatimaye. "Kuna mtu anataka nimkabidhi. Nilikuwa nimkabidhi Jumatatu. Hajawahi hata kuniambia jina lake la kweli, na mimi nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikujali. Sasa najali. Sitampa." Alipumua. "Lakini peke yangu siwezi tena, sikudanganyi. Mwulize baba yako kama atakubali kuniazima binti yake, tukishike wawili."

Torika alimgeukia baba yake atafsiri.  Lakini mzee Waisale alikuwa ameshasikia. Alivikunja viganja vyake kama kifuu, akapiga makofi mazito ya kukubali, na banda zima likapiga naye, mwenyekiti na akina mama na watoto, na kule Broken Hill wale watano wakaitikia. Torika, akiwa na simu mkono mmoja, hakuwa na mkono wa pili wa kupigia, kwa hiyo alijipiga pajani.